Herufi Zilizo Bubu katika Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili amezoea kutamka kila herufi aionayo. Kwa hiyo mwanafunzi aanzapo Kiingereza hushangaa kuona neno "knee", yaani goti, likiandikwa kwa "k" isiyosemwa. Wengine hudhani kwamba akili zao ni nzito. Sivyo; sababu imo katika historia ya lugha yenyewe.

Hapo kale Waingereza waliitamka "k" hiyo. Mwaka 1476 William Caxton alileta Uingereza mtambo wa kupiga chapa, na polepole namna ya kuandika maneno ikawa moja. Lakini ndimi za watu hazikusimama. Katika karne ya 17 "k" ile iliachwa vinywani, ikabaki vitabuni.

Herufi nyingine hazikutamkwa kamwe. Neno "debt", yaani deni, lilitoka katika Kifaransa bila "b". Wenye elimu waliitia ili neno lifanane na "debitum" la Kilatini. Katika "island", yaani kisiwa, walikosea kabisa. Neno hilo ni la Kiingereza cha asili, wala halikuwa na "s". Iliingizwa katika karne ya 16 kwa kudhani kwamba ni jamaa ya "isle", neno lenye asili ya Kilatini.

Basi, aandikaye barua ya kuomba kazi asitegemee sikio peke yake. Na alitazame kila neno jipya, aliandike mara nyingi, hata mkono ulizoee. Naye akikosea "island" asivunjike moyo. Wenye elimu walikosea kabla yake.