Kondoo Mume na Sehemu ya Tano

JUMANNE

Soma Mambo ya Walawi 6:1-7. Mkosaji alitakiwa kufanya nini kabla kondoo wake hajafika kwa kuhani?

Makosa yanayotajwa hapa ni ya kila siku: kukana amana, kunyang'anya, kumdhulumu jirani, kuokota kilichopotea na kuapa kwamba hakikuonekana. Hata hivyo Bwana anayahesabu kuwa makosa juu Yake mwenyewe (aya ya 2). Mkosaji alirudisha kitu kamili, akaongeza sehemu ya tano, na kumkabidhi mwenyewe. Aliyedhulumu mbuzi watano alirudisha thamani ya sita. Ndipo alipoleta kondoo mume mkamilifu, ili kuhani amfanyie upatanisho. Na kama aliyedhulumiwa amekufa? Malipo yalikwenda kwa jamaa yake; asipokuwa na jamaa, yalikuwa ya Bwana, kwa ajili ya kuhani (Hesabu 5:7, 8). Mlango wa kukwepa haukuachwa.

Wazee wa Meru hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akalifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakwenda kutafuta pole. Alikwenda kudai ardhi.

Lakini si wakoloni peke yao. Kwenye miteremko hiyo hiyo ya mlima, waumini wawili huweza kukaa benchi moja kila Sabato, huku mmoja amesogeza mpaka wa migomba ya mwenzake, au amefungulia maji ya mfereji usiku, kwa zamu isiyo yake. Toba huombwa kanisani na mpaka unabaki pale pale. Kumwomba Mungu msamaha huonekana rahisi kuliko kubisha hodi kwa jirani.

Soma Isaya 53:10. Neno la Kiebrania *asham*, linalotumika hapa kwa dhabihu ya Mtumishi wa Bwana, ndilo lile la sadaka ya hatia katika Walawi. Kristo alilipa deni ambalo shamba wala fedha yoyote isingelitosha, yaani deni la mwanadamu kwa Mungu. Hata hivyo, msalaba haumgeuzi mwizi kuwa mmiliki halali. Zakayo hakununua wokovu kwa kurudisha mara nne (Luka 19:8, 9). Yesu alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwake.

Jadili darasani: Mshiriki amegundua kwamba shamba alilorithi kwa baba yake lilipanuliwa kwa kusogeza mpaka. Jirani amefariki, na watoto wake hawajui. Je, walio darasani wangemshauri afanye nini kabla ya Meza ya Bwana ijayo?