Usipoziba Ufa: Somo la Kubadilisha Shawa na Vigae vya Bafu

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi. Wachache wetu, hata hivyo, wamewahi kuiona kwa macho. Mimi niliiona bafuni kwetu likizo ya Desemba, na katika ukurasa huu nawaletea yale niliyofunzwa na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mifereji na vigae.

Ukuta wa bafu letu umepakana na chumba anacholala nyanya. Rangi upande wake ilianza kubambuka, ukuta ukaota ukungu, na kifua chake kikawa hakitulii. Fundi mmoja alisema rangi ndiyo mbaya. Ikapakwa nyingine, nayo ikabambuka vilevile. Mjomba alipofika hakushughulika na rangi. Aliingia bafuni akagonga vigae kimoja kimoja kwa sarafu. Kigae kilichoshika hutoa mlio mzito, kilicholegea hulia kama debe tupu. Vilivyokuwa chini ya shawa vililia karibu vyote.

"Mpwa wangu," akasema, "maji hayana haraka, lakini hayalali."

Sababu ni hii. Uso wa kigae unaong'aa haupitishi maji, lakini grauti, yaani ule uji wa simiti unaojaza nafasi kati ya vigae, hunyonya maji kidogo kidogo. Yakipenya huko nyuma na ukuta haukupakwa dawa ya kuzuia maji, plasta hulowa na kigae huachia. Paipu ikivuja ndani ya ukuta, mambo huharibika upesi zaidi.

KUTOA
Kwanza funga maji kwenye geti-valvu, kisha fungua mfereji ulio chini kabisa ili maji yaliyobaki yatoke. Kama shawa ni ya umeme, zima swichi kuu ya nyumba na uhakikishe kwa testa kwamba waya hazina moto. Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa, la sivyo vifusi vitaingia humo na utakuwa na kazi mbili. Vaa miwani na glavu, kwani kipande cha kigae hukata kama kioo.

Shawa yenyewe hufunguliwa kwa spana, kinyume cha mwendo wa saa. Zungushia kitambaa kwanza ili spana isikwaruze. Ikikataa usitumie mabavu. Shika paipu kwa spana ya pili isizunguke, maana paipu ya chuma iliyoshika kutu huweza kukatikia ndani ya ukuta. Ikishatoka, ziba paipu kwa plagi.

Vigae navyo havivunjwi ovyo. Kwangua grauti iliyozunguka kigae kibovu, kitoboe katikati kwa tindo na nyundo ndogo, kisha toa vipande ukielekea kingoni. Ukianzia kingoni utakivunja na kigae cha jirani kisicho na hatia.

KUPIMA
Hapa ndipo wengi huharakisha. Bandua gundi ya zamani na plasta yote iliyooza. Sisi tulikuta maungio ya paipu yakitoa tone moja kila baada ya muda mfupi, na tone hilo ndilo lililomkosesha nyanya usingizi. Mjomba aliyafungua, akayafunga upya, akafungulia maji na kuyaacha usiku kucha ukuta ukiwa wazi. Asubuhi tulipitisha karatasi kavu juu ya maungio, nayo ikabaki kavu. Ndipo plasta mpya ikapigwa. Kosa la kufunika paipu ambayo haijajaribiwa halionekani hadi vigae vibomolewe tena. Plasta iachwe ikauke kwa siku kadhaa, ndipo ipakwe dawa ya kuzuia maji.

KUNUNUA NA KUBANDIKA
Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu. Tuseme ukuta una upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.8. Eneo lake ni mita mraba 2.16. Kigae cha sentimita 20 kwa 30 kina mita mraba 0.06, kwa hiyo unahitaji vigae 36. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika, nunua 40. Mama aliipenda hesabu hii kwa sababu pesa zenyewe zilikuwa zinangojewa na karo ya muhula wa kwanza.

Usianzie sakafuni, kwani sakafu ya bafu huinama kuelekea tundu la maji. Pigilia ubao ulionyooka kimo cha kigae kimoja kutoka chini, uupime kwa pimamaji, na uanzie juu yake. Safu ya chini itakatwa na kuwekwa mwisho. Paka gundi kwa mwiko wenye meno, bandika kigae ukikikandamiza, na uweke vijiti vya plastiki katikati ili nafasi zote zilingane. Ngoja siku nzima kabla ya kujaza grauti, kisha futa kwa sponji yenye unyevu ukipitisha mshazari, ili usiichimbue. Pembeni ukuta unapokutana na ukuta au sakafu, tia silikoni badala ya grauti. Kuta husogea kidogo sana, na grauti haina mnyumbuko.

KURUDISHA SHAWA
Zungushia nyuzi za paipu utepe mweupe wa mafundi, ukifuata mwendo wa saa, ili usijikunje wakati wa kukaza. Kaza kwa mkono kwanza, umalizie na spana kidogo tu.

Kuhusu shawa ya umeme, nawasihi wenzangu wa kidato cha tatu mkumbuke somo la fizikia. Shawa ya wati 5,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 22.5. Waya nyembamba ya taa itaungua. Waya ya ardhi, ile ya kijani na manjano, ikikosekana, hitilafu ndogo inaweza kumuua mtu aliyelowa maji. Hata mjomba na uzoefu wake aliiacha sehemu hiyo kwa fundi wa umeme mwenye leseni. Na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, pitisha maji ijae, ama sivyo koili itaungua.

MSAMIATI WA KAZI
Kigae: awali ni kipande cha chungu kilichovunjika. Siku hizi pia ni kile wengi mtaani huita taili.
Tindo: chuma chenye makali cha kuchongea jiwe au ukuta.
Pimamaji: chombo chenye kiputo cha hewa, cha kupimia usawa.
Timazi: uzi wenye uzito mwishoni, wa kupimia wima wa ukuta.
Mwiko: hapa si wa ugali, ni wa simiti!

Zoezi: leo jioni chukua sarafu, ugonge vigae vya bafuni kwenu, kama vipo. Kikilia kama debe, usimwite mpaka rangi.