Je, Mchezo Uuzwe Kabla Haujakamilika?

Wengi wetu tumewaona vijana wakicheza michezo kwenye simu au televisheni. Picha zinatembea, nao wanaziongoza kwa vidole. Hiyo ndiyo michezo ya video. Hutengenezwa na mafundi wa kompyuta, na ile mikubwa ni ghali. Leo tuulize: je, ni haki kuuza mchezo ambao bado una makosa?

Zamani mchezo ulikuwa ndani ya kaseti. Ukishauzwa, kosa lililomo halitoki tena. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilimpa fundi wiki tano tu atengeneze mchezo wa E.T., ili uwahi Krismasi. Wachezaji wakawa wanatumbukia mashimoni kila mara. Kaseti nyingi hazikupata wanunuzi. Mwaka 1983 nyingine zilizikwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu wakaja kuzifukua!

Siku hizi kuna intaneti. Fundi hutuma marekebisho mpaka nyumbani kwa mnunuzi. Jambo hilo ni zuri, ila limezaa tabia mbaya: tuuze kwanza, tutatengeneza baadaye.

Tuchukue mchezo wa Cyberpunk 2077, wa kampuni ya CD Projekt ya Polandi. Siku ya kuutoa iliahirishwa mara tatu. Ulipotoka tarehe 10 Desemba 2020, maagizo milioni 8 yalikwisha kuwekwa. Maana yake watu walinunua kitu wasichokiona. Kwenye kompyuta zenye nguvu ulichezeka. Lakini kwenye mashine za PlayStation 4 na Xbox One, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, ulikwamakwama, na mara nyingine ulizimika wenyewe. Na kumbe waandishi waliopewa waujaribu mapema walipewa ule wa kompyuta tu! Baada ya siku chache kampuni iliomba radhi kwa kutouonyesha kwenye mashine zile za zamani. Sony ikauondoa katika duka lake la intaneti, wanunuzi wakarudishiwa fedha. Ulirudi dukani Juni 2021. Marekebisho makubwa, yaliyosifiwa na wengi, yalitoka Septemba 2023.

Sasa, mafundi nao wana hoja. Mchezo mkubwa ni kazi ya mamia ya watu kwa miaka mingi. Wajaribu vipi, wanunuzi milioni watagundua kosa wasiloliona wao. Hilo tunalikubali. Hatudai mchezo usiwe na doa hata moja. Tunadai uchezeke mpaka mwisho kwenye mashine iliyotajwa kwenye boksi, na mnunuzi aambiwe ukweli.

Mbona wengine waliweza? Minecraft ilianza kuuzwa mwaka 2009 haijakamilika, na ilikamilika Novemba 2011. Lakini wanunuzi waliambiwa wazi, na bei ilikuwa ya chini kuliko ya baadaye. Aliyenunua alijua ananunua nini. Huyo hakuibiwa.

Na hata marekebisho si ya bure kabisa. Ni mazito, na vifurushi vya intaneti hununuliwa. Mtu aliyenunua santuri ya mchezo ule Desemba 2020, naye hana intaneti nyumbani, akiitia leo kwenye mashine yake anapata makosa yale yale ya siku ya kwanza.