SOMO: THAMANI YA KAHAWA ILIYOMO GHALANI

Ndugu Katibu, kahawa iliyobaki ghalani mwisho wa mwaka iandikwe kwa thamani gani? Linganisha gharama yake na bei ya soko iliyopunguzwa gharama za kuuzia. Andika iliyo ndogo.

Mfano: kilo 1,000 zimegharimu shilingi 4,000 kila kilo, nazo zikiuzwa zitaleta shilingi 3,500. Andika shilingi 3,500,000. Hasara ya 500,000 ionekane sasa, isifichwe hadi mwakani.

Soko halina ahadi. Julai 1989, migao ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa iliposimamishwa, bei ya dunia ilianguka upesi. Basi malipo ya awali yawe ya kadiri, na nyongeza ifuate mauzo. Chama kilichokopa na kulipa kwa matumaini hubaki na deni la benki.