Nani Aliandika, Nani Alichapa: Maswali kuhusu Maandishi ya Kiswahili ya Enzi ya Wadachi

Makala haya yanajibu maswali ambayo wanafunzi, walimu wa fasihi na familia zenye nyaraka za zamani huuliza kuhusu maandishi ya Kiswahili yaliyotoka katika vita na ukoloni, tangu Wadachi, yaani Wajerumani, walipoiteka pwani ya Mrima hadi Waingereza waliposhika nafasi yao.

Je, Waswahili wenyewe waliandika kuhusu vita hivyo?

Ndiyo, na waliandika mapema. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza mapambano ya pwani dhidi ya Wadachi, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa upande wa Tanga aliyeishi wakati wa mambo hayo, aliyasimulia katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 navyo vilipata utenzi wake kutoka kwa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mji uliokuwa ndani ya eneo la vita. Tazama ulivyocheleweshwa kuwafikia watu: ulichapwa Berlin mwaka 1933, kisha ukatolewa tena Afrika Mashariki mwaka 1957. Ule wa Hemedi ulichapwa mwaka 1955. Kwa miaka yote ya katikati, wajukuu wa waliopigana walisoma shuleni historia iliyoandikwa na washindi.

Mbona mtunzi mwenyewe haonekani ndani ya utenzi?

Anaonekana, ila kwa adabu ya fani. Utenzi ulitungwa usomwe kwa sauti mbele ya watu, na kawaida ya watunzi ilikuwa kujitaja katika beti za mwisho: jina, nasaba, mji, pengine na tarehe, pamoja na kuomba radhi kwa makosa na dua kwa wasomaji. Kabla ya hapo anayezungumza ni shahidi wa jamii yake. Anayedhani kwamba Mwafrika alijifunza kusema “mimi” kutoka kwa Mzungu hajazisoma beti hizo hadi mwisho.

Basi ukoloni ulibadilisha nini?

Ulimtoa msimulizi mwisho wa kazi ukamweka mbele, kwa lugha ya nathari. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wadachi kisha mwalimu wa Kiswahili Berlin, aliwaomba watu wa pwani wamwandikie habari zao. Mwaka 1901 alichapa Safari za Wasuaheli. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia mwaka 1896, alikofika akiwa na bwana wake Mjerumani. Tulizoea Mzungu aje bara letu, atazame, aandike. Hapa Mswahili ndiye anayetazama baridi ya nchi za watu, vyakula vyao na namna wanavyoishi, na kuyapima kwa macho ya pwani. Mimi nayaona maandishi haya kuwa mwanzo wa nathari yetu ya kisasa, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa fasihi humaliza masomo bila kulisikia jina la Salim.

Je, tuyaamini maandishi yaliyoagizwa na mkoloni?

Tuyasome, lakini tusiache kuuliza nani aliagiza na nani alichagua. Mfano bora ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu cha 1903 kinachoeleza uzazi, unyago, harusi, ngoma na mazishi, na ambacho kilitoka kwa jina la Velten. Wakati huo Mtoro alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akajaribu kurudi naye nyumbani. Serikali ya kikoloni ikawakataza wasishuke pamoja Dar es Salaam, ikawabidi warejee Ujerumani. Alifia huko mwaka 1927.

Mtu aliyewaeleza Wadachi hatua kwa hatua jinsi Waswahili wanavyooana, ndoa yake mwenyewe ilifanywa kuwa jambo la serikali. Masaibu hayo hayamo katika kitabu, maana yalimpata baada ya kukiandika. Kitabu kilichoagizwa kilimtaka aeleze desturi za watu wake, hakikumuuliza habari za maisha yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliandikwa na nani?

Zaidi na makamanda. Kuanzia 1914 hadi Novemba 1918 majeshi ya Wadachi na Waingereza yalizunguka nchi hii yakibebewa chakula na risasi na wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwao. Katikati ya jiji hilohilo ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ukiisogelea utaona askari aliyeelekeza singe yake mbele, na chini yake maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza, yanayowakumbuka wapagazi pia, yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa dola la Uingereza, ambaye mwanawe wa pekee aliuawa katika vita hivyohivyo huko Ufaransa mwaka 1915. Wapagazi wenyewe wakaachiwa maneno ya mtu mwingine. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika fasihi ya wakati ule. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives, ya mwaka 2020, imerudi kwenye vita hivyo, lakini hata hiyo imeandikwa kwa Kiingereza.

Nianze kusoma nini?

Anza na tenzi mbili zilizotajwa hapo juu, kisha Kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, kijitabu kilichohaririwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe kwa kutumia pia masimulizi ya wazee. Ukitaka kuona Mswahili anavyojieleza bila kuagizwa na Mdachi, endelea na Maisha Yangu ya Shaaban Robert.

Nyumbani kuna karatasi za babu zenye hati za Kiarabu. Nifanye nini?

Usizitupe, wala usikubali kuzikabidhi kwa mtu anayezipenda tu bila kuacha maandishi ya makabidhiano. Wengi hudhani kila hati ya Kiarabu ni dua au Kurani, kumbe huenda ikawa utenzi, barua au hesabu za biashara kwa Kiswahili safi. Zipige picha kurasa zote kwa mpangilio wake, usizigundishe kwa selotepu, uziweke pakavu mbali na mchwa. Andika pembeni, katika karatasi nyingine, babu alikuwa nani na aliishi wapi. Kisha mwendee anayezisoma hati hizo, au uliza katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ya namna hiyo.