Vipora wananyonyoka na hawali vizuri: kabla hujawauza kwa hasara, wakague hivi

Somo la leo ni la wale mnaonunua kuku wadogo vijijini, mnawakuza miezi miwili mitatu, halafu mnawauza. Limetokana na swali la dada mmoja wa Mungaa, Ikungi, mkoani Singida. Kachukua mkopo kwenye kikoba, kanunua vipora na tembe 30 wa miezi miwili hivi. Wiki ya pili tu manyoya yanapukutika, migongo inaonekana nyama, na chakula wanadonoa kidogo wanaacha. Mchuuzi mmoja kamwambia atawachukua wote kwa bei ya kutupa, "kabla hawajakufia mikononi". Auze au asubiri?

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayouma. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kwako. Tufanye alinunua kwa 4,500 kila mmoja, jumla 135,000. Mchuuzi anatoa 3,000, jumla 90,000. Hasara 45,000 na marejesho ya kikoba yanakuja. Akikaa nao wiki sita, kuku wa umri huu anakula karibu gramu 60 kwa siku. Wakizurura mchana wakajiokotea, wewe ukamalizia nusu, ni gramu 900 kwa wote 30, yaani kama kilo 38 kwa siku 42. Kwa 1,000 kilo, ni 38,000. Weka 10,000 ya chanjo na dawa. Hata wakifa watano, 25 waliobaki kwa 9,000 ni 225,000. Toa gharama zote unabaki na faida ya 42,000. Kutoka hasara ya 45,000 hadi faida ya 42,000 ni tofauti ya 87,000, na inategemea kitu kimoja tu: hao kuku ni wagonjwa, au wanabadilisha manyoya?

Kifaranga anatotolewa na vinyoya laini kama pamba. Wiki ya kwanza manyoya halisi yanaanza kwenye mabawa, na kufika wiki ya 6 hadi ya 8 mwili umefunikwa. Wengi tunadhani hapo kazi imeisha. Haijaisha. Manyoya hayo ya utotoni yanapukutika tena na kuota mengine kabla kuku hajafikia umri wa kutaga. Kwa hiyo kuku wa miezi miwili au mitatu kunyonyoka siyo ajabu hata kidogo. Kinyonga na nyoka wanavua ngozi, kuku anavua manyoya, na mnyama yeyote akiwa kwenye kazi hiyo anapoa kidogo, anataka kuachwa.

Utajuaje ni hilo? Mshike kuku, puliza manyoya ya mgongoni na shingoni yafunguke. Ukiona vijiti vidogo vinachomoza, vimefungwa na ganda jeupe kama karatasi, hayo ni manyoya mapya. Angalia na upande wa pili: yakipukutika yenyewe, kulia na kushoto hufanana. Ngozi ni safi, kuku anatembea, jicho limechangamka. Huyo ni mzima, anahitaji chakula na muda. Vile vijiti usivichomoe wala usivikwangue. Vikiwa vichanga vina damu ndani, ukikivunja kimoja kuku anavuja na wenzake wanakuja kudonoa palepale. Ganda likigoma kutoka, mara nyingi tatizo ni lishe, au kuku hana sehemu ya kujigalagaza. Mchimbie shimo la mchanga mkavu wenye majivu kidogo, atajisafisha mwenyewe.

Ukiona manyoya yamevunjika au yameng'olewa, hasa mkiani na juu ya mkia, na ngozi ina damu, hao wanadonoana. Banda ni dogo, joto limezidi, au mwilini wamepungukiwa chumvi na protini. Mdonolewaji mtoe leo, usisubiri kesho, maana kuku wakishaonja damu hawaachi.

Halafu kuna wadudu, na hapa nikae kidogo kwa sababu ndio wanaoua mitaji kimyakimya. Viroboto wa kuku hujishikiza usoni, kuzunguka macho na kwenye kilemba, wanaonekana kama punje nyeusi zilizogandishwa. Wanafyonza damu mpaka kuku mdogo anapauka kilemba na kufa, na wewe unasema "amekufa ghafla". Chawa wanakaa mwilini, tafuta chini ya mabawa na karibu na njia ya haja. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi: mchana humwoni kwenye kuku, amejificha kwenye nyufa za miti na udongo wa banda, anatoka usiku. Ingia bandani saa nne usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya vijiti wanavyolalia. Ikirudi na alama nyekundu, umempata mwizi. Viroboto wa usoni wapake mafuta mazito ya mgando, wanakosa hewa wanaachia, ila jicho lenyewe usiliguse. Banda lifagie lote, choma takataka, ziba nyufa, nyunyiza dawa ya unga kutoka duka la mifugo kwa kipimo kilichoandikwa. Ukitibu kuku ukaacha banda, umefanya kazi bure.

(Kuna kuku anaitwa kishingo, shingo haina manyoya tangu anazaliwa. Ni mbegu yake. Kama mwenye naye anadhani ni ugonjwa na anauza bei chee, mchukue haraka, kuku wa namna hiyo anavumilia joto vizuri tu.)

Sasa kula. Usiseme "hawali" kwa kuangalia chombo tu, kwa sababu kuku anayezurura huenda ameshashiba kumbikumbi na punje za shambani. Kipimo kiko kwenye gole, kile kifuko mbele ya kifua, chini ya shingo. Jioni wakishaingia bandani, wapapase mmoja mmoja. Gole limejaa na ni laini kama mfuko wa unga: amekula. Gole tupu jioni: huyo hajala, mtenge. Asubuhi kabla ya chakula papasa tena, sasa linatakiwa liwe tupu. Likiwa bado limejaa na gumu, chakula kimekwama, labda amemeza majani marefu au kamba. Dakika kumi kwa kuku 30, na utajua zaidi ya mtu anayewaangalia kwa mbali wiki nzima.

Akiwa hajala, kitu cha kwanza kukagua ni maji. Kuku asiye na maji hali, hata umwekee karanga. Anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na joto likipanda anazidisha. Kwetu Singida maji ni shida, najua, lakini kuku 30 wa umri huu lita nne hadi tano zinawatosha siku nzima. Weka kivulini, osha chombo kila siku. Na wale waliotoka kwenye tenga baada ya kukaa juu ya boda au roli kutwa nzima, wape maji kwanza, yenye sukari kiasi na chumvi kidogo sana. Chakula kifuate baada ya saa mbili tatu.

Cha pili ni chakula chenyewe. Unyoya karibu wote ni protini, zaidi ya asilimia 85. Kuku anayeota manyoya kwa pumba tupu ni sawa na fundi uliyempa mchanga bila saruji. Sisi wa Singida tuna bahati, mashudu ya alizeti yapo, na yana aina ya protini ambayo manyoya yanaihitaji sana. Ila peke yake hayatoshi, na yakizidi yana makapi mengi ambayo kuku mdogo hayawezi. Mchanganyiko wa kilo 20 unaofaa umri huu: mtama au mahindi yaliyobarazwa kilo 9 na nusu, pumba ya mahindi kilo 3, mashudu ya alizeti kilo 5, dagaa waliosagwa kilo 2, unga wa mifupa iliyochomwa gramu 400, chumvi gramu 100. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi usiweke. Dagaa wakikushinda bei, weka kunde au choroko zilizochemshwa, na usiku wawekee mtego wa mchwa: chungu chenye kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua yaliyoloweshwa, kifunike kichwa chini kwenye njia ya mchwa, asubuhi unafunua. Ni protini ya bure. Majani ya mlonge au mchicha yasikosekane.

Angalizo la mtama: ule mwekundu mchungu una ukakasi unaowafanya kuku wale kidogo na protini isitumike vizuri. Tumia mweupe. Na nafaka au mashudu yenye ukungu usiwape kwa kusema "ni kuku tu". Sumukuvu inaua hamu ya kula na kuharibu ini. Mwaka 2016 hapa jirani zetu, Dodoma na Manyara, ilipoteza hata maisha ya watu.

Gole tupu, maji yapo, chakula kizuri, na kuku amejikunyata amevimbisha manyoya? Hapo tunaongelea ugonjwa. Tazama kinyesi. Chenye damu kwa kuku wa wiki tatu hadi nane, kuna uwezekano mkubwa ni kuhara damu. Kausha sakafu, badili matandiko, nunua dawa yenye ampoliamu na ufuate maelekezo ya kwenye pakiti. Vidonda vya mgando kwenye kilemba na machoni ni ndui, inaenezwa na mbu, haina dawa, unasafisha vidonda na kumlisha mpaka apite. Kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda au bawa kuanguka, ni dalili za mdondo. Mdondo hauna tiba. Usimwage pesa kwenye vidonge vya binadamu, na usikimbilie kuwauza waliobaki gulioni kwa bei ya hasara, kwa sababu unahamishia msiba kwa jirani na wiki ijayo unarudi mwenyewe kununua kijiji hichohicho. Mwite afisa mifugo wa kata, waliokufa zika kwa kina au choma.

Kwa yule dada wa Mungaa, nilimwomba afanye ukaguzi huu kabla ya kumjibu mchuuzi. Vijiti vilikuwepo mgongoni kwa wengi, magole ya jioni yalikuwa nusu, kinyesi kizuri, na kuku saba walikuwa na viroboto usoni. Yaani viroboto, pumba tupu na kunyonyoka kwa kawaida, vyote kwa pamoja. Nikamwambia asiuze. Saba awatenge awapake mafuta, banda alifagie, mashudu na dagaa vianze siku hiyohiyo.

Na hata kibiashara, kuku mwenye vijiti hafai kupelekwa sokoni. Mnunuzi wa barabarani pale Puma au Ikungi anaangalia mkia kwanza, mkia ukiwa mbovu anashusha bei papo hapo. Wa chipsi naye anamchukia, kwa sababu vile vijiti havinyonyoki kwa maji ya moto, vinabaki kwenye ngozi na mteja anarudisha sahani. Subiri wiki nne hadi sita manyoya yakamilike. Kama ulimpa dawa yoyote, soma kwenye pakiti siku ngapi zipite kabla hajaliwa, na uziheshimu.

Ununuzi ujao fanya hivi. Siku unayonunua, kagua uso, chini ya mabawa na njia ya haja kabla hujatoa hela. Wageni wakae mbali na kuku wa nyumbani wiki mbili, vyombo vyao tofauti, na uwahudumie wao mwisho. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, I-2, ni tone moja kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga inachukua kama wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo usichanje leo ukawachanganya kesho. Inavumilia kukaa nje ya friji kwa muda mfupi, lakini ibebe kwenye kitambaa kibichi, mbali na jua. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulionao, hivyo kubalianeni majirani watano sita mchange, mchanje asubuhi moja. Na kabla matenga hayajapanda gari kwenda Dodoma au Dar, pitia kwa afisa mifugo uchukue kibali cha kusafirisha, usije ukashushiwa mzigo njiani kuku wakiwa na kiu.