SOMO KWA MAKATIBU NA MAKARANI: NAMBA MOJA KWA MWANACHAMA MMOJA



Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama wawili waitwao Juma Hamisi, wote wa kijiji kimoja. Mmoja amepeleka kilo 420 za kahawa, mwenziwe kilo 95. Siku ya malipo ya pili karani anatafuta jina na kumlipa aliyetangulia kufika. Haki ya mkulima imepotea, wala hapakuwa na mwizi.

Chama kinachohamishia daftari lake katika kompyuta hutumia majedwali yanayohusiana, utaratibu ulioelezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM. Katika jedwali la wanachama, kila mstari ni mwanachama mmoja. Safu inayoutambulisha mstari huitwa ufunguo wa msingi. Ufunguo huo hauachwi wazi wala haurudiwi, na kwa busara haubadilishwi. Jina halifai, maana hurudiwa. Namba ya simu nayo hubadilika.

Kwa hiyo kazi ya kutoa namba huachiwa mashine. Katika programu ya MySQL safu hiyo huandikwa hivi:

namba INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY

Maana yake ni kwamba safu iitwayo "namba" hupokea namba kamili, mashine huiongeza yenyewe kila mwanachama mpya anapoandikwa, na namba hiyo ndiyo ufunguo. Karani haijazi safu hiyo kwa mkono. Jedwali la mazao nalo hubeba namba hiyo, ili kila kilo imrudie mwenyewe.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ya kuzingatia:

1. Namba ya aliyefariki au aliyejitoa asipewe mtu mwingine, deni la mmoja lisije likasomeka kuwa la mwenziwe.

2. Pengo kati ya namba si ushahidi wa hila. Uandikishaji uliokatizwa katikati huweza kupoteza namba. Kwa sababu hiyo, idadi ya wanachama ihesabiwe kwa mistari, si kwa namba ya mwisho.

3. Mashine hutenganisha mistari; haiwatambui watu. Mkulima aliyeandikwa mara mbili atapewa namba mbili, na katika mkutano mkuu ataonekana mwenye kura mbili. Hapana budi safu ya namba ya kitambulisho nayo iwekewe sharti la kutorudiwa, ambalo huandikwa UNIQUE, na karani alinganishe kila jina na daftari la zamani kabla ya kuliingiza.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Je, katika chama chenu wamo wanachama wenye majina yanayofanana? Hutofautishwaje siku ya malipo?

(b) Mwanachama akijitoa leo na kurudi baada ya miaka mitatu, je, apewe namba mpya au aendelee na ile ya zamani? Toeni sababu.